Sindano ya Baba Mkwe

Kemunto mwanangu,

Sasa hivi umemlaza Magokoro wako, mama wa baba yako, kwenye benchi la sebuleni, ukamshika mkono, ukatazama saa ya ukutani ambayo haijatembea tangu Krismasi, halafu ukatangaza kwamba mapigo ya moyo wake ni sawa kabisa. Magokoro ameinuka akasema kama moyo wake unakubaliana na saa iliyokufa, basi aletewe jeneza mapema achague rangi. Nyumba nzima imecheka. Nawe, na yunifomu yako mpya hiyo, na viatu vyeupe tulivyonunua kwa yule mama Mhindi wa Kisii mjini, umesimama katikati ya watu ukasema, "Mimi sitachoka. Mama anachoka kwa sababu ni wa zamani. Mimi mtaniona." Wamekupigia makofi. Mimi sikupiga. Umenitazama, ukaniuliza mbona sicheki, halafu hukungoja jibu. Umekimbilia jikoni kugeuza kuku.

Jibu ndilo hili.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo Magokoro amekuimbia tangu chuo kilipokuita, na leo asubuhi nimemsikia akikufundisha namna ya kuketi ndani ya basi, kana kwamba ulizaliwa bila makalio. Mimi nataka kukuandikia habari ya kuchoka. Unajua mimi si mtu wa kalamu. Niliacha shule kidato cha pili, na aliyeniachisha ni wewe, uliyekuwa ukinipiga mateke ya tumbo wakati wa hesabu. Unesi wangu ni ule wa chini kabisa, ulioanza kwa kuosha mabeseni. Ukikuta nimekosea mahali, sahihisha kwa kalamu nyekundu, lakini usinirudishie.

Maneno uliyosema leo, mimi pia niliyasema. Niliyasema mbele ya metroni siku ya kwanza hospitalini. Nilimwambia mimi sichoki, nimezoea kuchuma chai tangu utotoni. Metroni alikuwa mama mnene wa maneno machache. Akaniangalia polepole kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Majani chai hayakuiti jina, msichana." Nikafikiri ananionea wivu ujana wangu.

Kuchoka kwa jembe unakujua. Mgongo unauma, unalala, asubuhi umepona. Kuchoka kwetu sisi kunakuja kwa njia ya kuchekesha, ndiyo maana hakuna mtu anayeshtuka. Unakumbuka ule mwaka mvua ilikataa kwisha, malaria ikapanda hadi huku kwetu milimani? Ulikuwa darasa la sita. Wodini watu walilala wawili wawili, kichwa huku na kichwa kule, na wengine chini ya vitanda. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepona akakataa kuruhusiwa, akisema amepata marafiki. Sisi manesi tulikuwa wachache kuliko mabeseni. Mmoja wetu akiugua malaria, alitundikiwa dripu yake kwenye kiti, na mkono uliobaki ukapewa kazi.

Siku za posa ya shangazi yako nilipewa heshima ya kuombea chakula. Nikafumba macho, nikasema, "Bwana, tumepokea wodi ikiwa imejaa, wawili wametutoka, dripu zimekwisha, yule wa kona hajapata choo. Amina." Wageni wakaitikia Amina. Wakaanza kula polepole sana.

Baba yako alikuja kutoka Kericho mwisho wa mwezi, mtu amesafiri na hamu yake, akabisha mlango. Mimi ndani nikajibu, "Anayefuata!" Akaingia. Nikamshika paji la uso kabla sijamsalimu. Yeye alicheka, na huko kwenye mashamba ya chai alikokuwa akifanya kazi alikwenda akawachekesha wenzake. Mimi pia nilicheka. Siku nyingine nilikwenda kununua viatu kwa mama Mhindi huyo huyo, nikaingiza mguu mmoja, nikalala palepale kwenye kiti. Alinyamazisha wateja wake kama mtu mwenye mtoto mchanga dukani. Nilipoamka alikuwa anafunga milango, na kichwa changu kilikuwa juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri. Akasema, "Sista, hicho kiatu kitakufaa. Umekilalia tangu mchana."

Niliipeleka hadithi hiyo wodini kama zawadi. Tulicheka hadi tukashikilia vitanda. Hakuna aliyeniuliza kwa nini mtu mzima analala dukani. Sikukatazi kucheka, mwanangu. Kicheko kilitubeba siku nyingi. Lakini hata panadoli ukiimeza kila saa inaacha kuwa dawa.

Tulikuwa pia na stoo ya mashuka. Hiyo haikuwa kwenye ratiba yoyote, lakini kila nesi aliijua. Unaingia, unafunga mlango, unalia kidogo juu ya mashuka safi, unatoka umebeba shuka moja ili ionekane ulifuata kazi. Rafiki yangu Bosibori, yule mrefu aliyekuwa akikuletea miwa, ndiye aliyenionyesha. Alinionyesha hata rafu nzuri ya kuegemea.

Sasa nifike kwa Sokoro, babu yako.

Wewe umelelewa katika adabu zetu, unajua chinsoni, miiko yetu ya wakwe, ilivyo. Mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hamtaji jina. Wakikutana njiani, mmoja anajipenyeza ndani ya majani chai mpaka mwingine apite. Tangu niolewe katika boma hili sikuwahi kuona hata goti la Sokoro wako, na yeye akitaka kuniambia kitu alimwambia Magokoro, au alimwambia paka nami nikiwa karibu.

Wiki hizo za malaria nilikuwa silali nyumbani. Nililala vyumba vya manesi, na hata huko ni kama nililala na viatu. Basi kule kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na wazee wawili. Mmoja alikuwa muuza mbuzi kutoka Nyamarambe, mtu ambaye homa ilimshinda mwili wote isipokuwa mdomo. Mwingine alikuwa amejifunika blanketi hadi utosini. Faili yake ilisema Zakaria. Nani nyumbani kwetu aliwahi kumwita Sokoro wako Zakaria? Ni jina la ubatizo, liliachwa kanisani siku ile ile. Na kama liliwahi kutajwa, halikutajwa mbele yangu.

Nikasema, "Zakaria, geuka." Blanketi likageuka. Nikafunua nilipopahitaji, nikadunga kwinini, nikaenda. Baadaye nikarudi nikadunga tena. Kila nikikaribia, blanketi linapanda kichwani, na mwili mzima unakuwa mgumu kama mlango. Sindano ya kwinini haitaki msuli uliokaza. Kwa hiyo, mwanangu, nilifanya tunavyofanya wote. Nilimpiga kofi pale pale, kofi dogo la kulegeza, nikasema kwa sauti ya wodi nzima, "Legeza, Zakaria! Mzee mzima unaogopa sindano kama mtoto wa nasari."

Wodi ilicheka. 

Yule wa Nyamarambe aliniambia siku moja, "Sista, huyu mwenzangu simwelewi. Ukija anakuwa maiti. Ukienda ananiuliza kama umekula." Nikamjibu amwambie ashughulike na malaria yake. Wala sikusimama. Maneno kama hayo, Kemunto, mtu mwenye akili zake angesimama.

Halafu saa ya kuona wagonjwa Magokoro akatokea mlangoni, na kibuyu cha uji na lesso yake ya kanisani. Nilifurahi kumwona. Nikamsalimu, nikamuuliza kama wa nyumbani hawajambo, nikamuuliza amemletea nani uji.

Alidhani namtania. "Nimemletea mwenye boma. Kwani wewe umekuwa ukimdunga nani?"

Nikamwambia hakuna mtu aliyeniambia Sokoro anaumwa. Magokoro akanitazama namna ambayo sitaki mtu anitazame tena. Akasema nilitumiwa wewe. Ulivua viatu ukatembea kwenye matope hadi dirisha la wagonjwa wa nje, ukapanga foleni na watu wenye homa kwa sababu uliogopa kupita mbele yao, na ulipofika kwangu ukasema Sokoro amezidiwa analetwa. Nami, bila kuinua kichwa, nikasema, "Sawa, apange foleni. Anayefuata!"

Sikumbuki, mwanangu. Hadi leo nalitafuta hilo kichwani silipati. Nakumbuka mkono mdogo ukiwa juu ya ukingo wa dirisha, lakini huenda nimeutengeneza baadaye.

Magokoro akapita, akaketi kwenye kitanda cha dirishani, akaanza kumimina uji. Sahani ya sindano ikanitoka mikononi. Chini ya blanketi, Zakaria aliacha hata kupumua. Yule muuza mbuzi akanitazama mimi, akamtazama Magokoro, akalitazama blanketi, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe akakosa neno. Akageukia ukuta. Mabega yake yakaanza kutikisika, na hayakuwa yakitikiswa na homa.

Nilikimbilia stoo ya mashuka. Nilipofungua mlango nikamkuta Bosibori ndani amekwisha kuanza kulia. Akafuta pua, akaniambia nisubiri zamu yangu.

Sindano zilizobaki alimalizia Bosibori. Sokoro akapona, akarudi nyumbani, nami nikapewa mchana mmoja wa kuja kukutana na aibu yangu. Ndugu yake Sokoro, yule wa Nyacheki mwenye kupenda vikao, alikuwa amefika kabla yangu. Alisema boma limechafuka. Alisema haijawahi kusikika mwanamke akampiga baba mkwe makalioni mbele ya watu wa Nyamarambe. Ni kama watu wa Nyamarambe ndio waliomuuma zaidi. Alitaka mbuzi achinjwe, wazee waje wanitakase, na mimi niache kazi. Nilijifungia jikoni. Wewe ulikuwa unasonga ugali, ukanisogezea kiti bila kuniangalia, kama unavyomsogezea mgeni.

Ndipo nikamsikia Sokoro nje. Alikuja taratibu na fimbo yake, akasimama upande wa pili wa ukuta, pale ng'ombe alipofungwa. Asingeweza kuniambia mimi. Basi akamwambia ng'ombe, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ng'ombe kiziwi.

"Wewe ng'ombe," akasema, "hawa wanasema mke wa mwanangu alinidunga. Ni uongo. Aliyenidunga ni sista wa hospitali. Huyo nimemwona kila siku. Mkono wake ni mwepesi, mdomo wake ni mzito. Mke wa mwanangu hakuwepo. Tangu mvua ianze sijamwona hapa nyumbani, nikasema labda yuko hospitali. Nimelala hospitali, nimechungulia kwenye blanketi, hata huko hayuko. Ukimwona, mwambie mtoto wake anamtafuta."

Ng'ombe akaendelea kutafuna. Sokoro akaongeza kwamba mbuzi achinjwe vilevile, si kwa ajili ya kutakasa, ila kwa sababu yule sista ameonekana hajala nyama muda mrefu.

Wewe ulikuwa na mwiko mkononi. Ulisikia maneno yote. Ulisonga tu ule ugali hadi ukawa mgumu kama tofali, nasi tuliula hivyo hivyo na mbuzi, na yule babu wa Nyacheki akala kuliko waliomchinja.

Hiyo ndiyo sababu sikucheka leo. Nilikuwa naogopa sana kazi itanivunja mgongo, na mgongo haukuvunjika. Kilichoondoka ni yule mtu aliyekuwa akiivaa yunifomu. Aliondoka kidogo kidogo, kwa utani, huku kila mtu akinisifu kwamba siketi. Nilikuwa naona matako, mishipa, vyoo, namba za vitanda. Uso wa mtu sikuuona tena, na uso wako ulikuwa kwenye foleni hiyo hiyo.

Nilikwenda kwa metroni kuomba likizo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akaniuliza tu, "Ni nani umemdunga?" Nikamwambia. Alisaini kabla sijamaliza. Nikaja nyumbani nikalala, nikalala, hadi Magokoro akawa anaingia kuniwekea kioo puani aone kama kinapata mvuke. Nilipoamka uliniletea chai ukaketi mbali kidogo. Siku ya pili ukaketi karibu. Sikukuharakisha. Ilichukua hadi mavuno ya mahindi kabla hujanitania tena, na utani wenyewe ulikuwa kuniambia, "Mama, geuka, legeza." Nilicheka nikalia, nikakosa pa kwenda kulilia, kwa sababu nyumbani hatuna stoo ya mashuka.

Niliporudi kazini nilianza mtindo mpya. Nikiingia zamu, kabla sijashika sahani yoyote, nazunguka wodi mikono mitupu nikitazama nyuso tu, kitanda hadi kitanda. Metroni akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nahakikisha hakuna mkwe. Yule mama alianza kucheka kwa tumbo, akacheka hadi akashika ukuta, halafu akafanya jambo ambalo hakuna nesi aliyewahi kuliona. Aliketi. Aliketi kwenye kitanda cha mgonjwa, akavua viatu, miguu imevimba kama mikate, akasema hakumbuki mara ya mwisho alipokwenda likizo. Sote tulisimama tukaitazama ile miguu. Tangu siku hiyo tulipata chai ya saa nne, watu wawili wawili, na sheria ya chai hiyo ni kwamba ukitaja mgonjwa unaosha vikombe vyote. Nimeosha vikombe vingi sana.

Bosibori hakungoja chai ya saa nne. Asubuhi moja aliweka beseni chini katikati ya wodi, vizuri, bila kulimwaga, akatoka getini na yunifomu yake, hakurudi. Watu walisema ni mvivu. Mimi nilikuwa nimemwona analia na zamu yake ya kulia inafika kabla ya yangu kila siku, wala sikuwahi kumuuliza analilia nini. Niliona ni foleni tu. Sasa anauza ndizi Ogembo, amenenepa, ana kelele, na nikinunua huniongezea ndizi juu. Habari za hospitali haniulizi. Gari la wagonjwa likipita barabarani, anainama kupanga ndizi zilizokwisha kupangwa. Ukikutana naye mkumbatie, usimuulize kitu.

Usidhani nakuvunja moyo. Mwezi uliopita tuliletewa mtoto aliyelegea kama kitambaa, mama yake amekwisha kufunga kanga ya kilio kiunoni. Tulipambana naye. Kulipokucha akafungua jicho moja, akatazama ndizi ya mgonjwa wa jirani, akasema, "Hiyo." Neno hilo moja tu. Wodi nzima ilimpa ndizi. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikitembea kama bibi arusi. Kazi hii ina siku hizo, na nakutakia nyingi. Utakuwa nesi mzuri kuliko mimi, umesoma, na mkono wako ni mwepesi, nimeuona ukimtoa Sokoro mwiba.

Ila usiahidi watu kwamba hutachoka. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nifiche. Niliona nikisema nimechoka, majani chai yangu yatanicheka, metroni atanicheka, Magokoro ataniuliza mbona nilijisifu. Wewe umejisifu leo mbele ya ukoo mzima, na nakujua, una kiburi changu, utaweza kujificha nyuma ya sentensi hiyo miaka. Mimi nakurudishia sentensi yako. Nimeifuta. Hakuna mtu katika nyumba hii anayekudai usichoke, hata yule babu wa Nyacheki, na akikudai nitamdunga.

Naandika haraka sasa kwa sababu kuku ananukia na unaniita. Umeita mara ya pili. Hiyo si sauti ya mtu anayeumwa, nazijua hizo, ni sauti ya mtoto anayetaka kuonyesha kitu. Nakuja. Lililobaki ni dogo tu, nilitaka kusema kwamba siku utakapochoka hadi hujijui, usione haya, hata kama ni katikati ya muhula, panda gari uje, usimame hapo nje uniite hivyo hivyo unavyoniita sasa, nami nita...